Kuweka kazi za sanaa kwenye ramani ya kidijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayetaka kuchukua michoro, chapa, sanamu au michoro ya ukutani inayohusu mahali fulani na kuiweka kwenye ramani inayofunguka kwenye simu au kompyuta. Maswali yanafuata, kwa kiasi, mwendo wa kazi yenyewe. Mwenye haraka asome angalau lile la mahali pangapi na lile la uhakika. Mengine yote hurekebishika baadaye, lakini hayo mawili yakipuuzwa mwanzoni jedwali zima huanzwa upya.

Ramani inaongeza nini ambacho orodha ya kawaida haina?

Orodha hupangwa kwa jina la msanii au kwa mwaka. Ramani huwakutanisha wasanii ambao hawakuwahi kujuana, walioishi karne tofauti, lakini walisimama mbele ya daraja lile lile. Hapo ndipo maswali mazuri huanzia: kwa nini wote walichagua ukingo huu wa mto na si ule? Mnara unaoonekana kwenye kazi tatu za mwanzo ulitoweka lini?

Chukua chapa za mbao za msanii wa Japani, Hiroshige, za mandhari ya Edo, alizozitoa kati ya 1856 na 1858. Mfululizo huo una chapa 119, na mwaka 1868 mji wenyewe ukabadilishwa jina kuwa Tokyo. Ukizitazama moja moja unaona miti, theluji, watu wanaovuka barabara. Ukizitandaza juu ya ramani unaona mji wa maji: mito, mifereji, madaraja na vivuko vinavyojirudia kila upande, ilhali sehemu kubwa ya mifereji hiyo leo imefukiwa.

Faida nyingine ni ya kumbukumbu. Bernardo Bellotto alichora mitaa ya Warsaw katika miaka ya 1770. Baada ya mji huo kuharibiwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waliojenga upya sehemu yake kongwe walizitumia kazi zake kuwa rejea, wakizisoma pamoja na vipimo na picha za kabla ya vita. Mchoro unaojulikana unaonyesha wapi hasa ni ushahidi, na ushahidi huo huweza kuhitajika siku ambayo hakuna aliyeitarajia.

Kazi moja ya sanaa ina mahali pangapi?

Pengi, na hili ndilo swali ambalo watu huliruka kuliko yote. Tazama mchoro wa John Constable wa mwaka 1821 unaoonyesha gari la kukokotwa na farasi likiwa katikati ya maji. Nyumba inayoonekana upande wa kushoto iko Flatford, Suffolk. Mahali pa kutazamia ni ng'ambo ya nyumba hiyo, upande wa kinu. Mchoro mkubwa wenyewe ulifanywa kwenye studio London. Na leo umetundikwa National Gallery, London. Hizo ni sehemu nne tofauti, na kila moja ni jibu sahihi kwa swali lake: kinachoonyeshwa, aliposimama mtazamaji, ilipofanywa kazi, na inapohifadhiwa.

Ukiweka nukta moja bila kusema ni ya kipi kati ya hivyo vinne, msomaji atafanya dhana yake, na wewe mwenyewe baada ya wiki chache utachanganya. Nimeona majedwali ambamo nusu ya nukta ziko juu ya mlima uliochorwa na nusu nyingine ziko kwenye kijiji ulipotazamiwa mlima, zote ndani ya safu moja iliyoitwa "mahali". Ramani ya namna hiyo haiwezi kujibu swali lolote.

Ushauri wangu ni kutenga safu za latitudo na longitudo kwa kinachoonyeshwa, na nyingine kwa aliposimama msanii, hata kama mwanzoni nyingi zitabaki tupu. Wikidata, hifadhidata huria ya mtandaoni, nayo hutenganisha mambo haya: kuna sifa ya kitu kinachoonyeshwa (P180), ya mahali pa kutazamia (P1259), ya mahali kazi ilipofanywa (P1071) na ya mahali ilipo sasa (P276). Ukifuata mgawanyo huo tangu mwanzo, data yako itaweza kuunganishwa na za wengine bila shida.

Itakuwaje kama msanii alibuni au alihamisha vitu?

Basi ramani yako iseme hivyo. Wasanii hawakuwa wapima ardhi. El Greco, katika mandhari yake ya Toledo iliyoko Metropolitan Museum, New York, aliliweka kanisa kuu karibu na ngome kwa namna ambayo haionekani ukisimama upande ule. Katika kazi yake nyingine ya mji huo huo alichora ramani ndani ya mchoro na kuandika maelezo kwamba ameihamisha hospitali moja kwa sababu ilikuwa inaficha lango. Ni msanii aliyefafanua mwenyewe alichokibadilisha, na sisi tunaochora ramani leo tunapaswa kuwa wawazi angalau kama yeye.

Kuna pia kazi ambazo ni za kubuni kabisa: wachoraji wa Venice wa karne ya 18 walipenda kukusanya majengo halisi kutoka miji mbalimbali na kuyapanga katika uwanja mmoja usiokuwapo. Kazi kama hiyo usiipe nukta moja. Ama uiunganishe na kila jengo linalotambulika, ama uiweke kwenye orodha pembeni ya ramani ikiwa na maelezo yake.

Angalia pia kama picha imegeuzwa. Mchoro uliochorwa kwenye bamba la shaba huchapwa kushoto ikiwa kulia, isipokuwa msanii awe ameugeuza tangu kwenye bamba. James McNeill Whistler alichora Venice moja kwa moja kwenye mabamba yake, kwa hiyo chapa nyingi za safari ile zinaonyesha mji kama ulivyo kwenye kioo. Mtu anaweza kuzunguka mifereji siku nzima akitafuta mahali ambapo hapapo, kumbe alipaswa kuigeuza picha kwanza. Kwa kila chapa ya zamani, jaribu pande zote mbili kabla ya kukata tamaa.

Nitajuaje msanii alisimama wapi?

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na ndipo panapostahili muda wako mwingi.

Anza na vitu visivyohama: mstari wa vilele vya milima, mnara, pindo la mto, daraja la mawe. Tafuta vitu viwili ambavyo kwenye mchoro kimoja kinafunika kingine au vinagusana. Kwenye ramani, piga mstari unaopita katika vyote viwili. Msanii alikuwa mahali fulani juu ya mstari huo. Ukipata jozi ya pili, mistari miwili itakatana, na hapo ndipo pa kwenda kusimama. Mbinu hii ya kalamu na rula haijapitwa na programu yoyote.

Pale ambapo mandhari ni ya milima, data za mwinuko husaidia sana. Vipimo vya SRTM vilivyokusanywa kutoka chombo cha anga mwaka 2000 vinapatikana bure, kwa hatua ya takriban mita 30, na programu inaweza kuvitumia kuchora upeo wa macho kutoka nukta yoyote utakayoichagua. Linganisha upeo huo na ule wa mchoro. Kwa mlima kama Sainte-Victoire alioupenda Cézanne, wenye umbo lisilofanana pande zake, tofauti ya kilomita moja huonekana wazi kwa macho.

Nyaraka zisizo za sanaa mara nyingi huwa na jibu. Mwaka 2015 Frans Grijzenhout alitangaza kwamba nyumba kwenye mchoro wa Vermeer wa mtaa mdogo wa Delft zilikuwa pale ambapo leo ni Vlamingstraat namba 40 na 42. Hakulipata hilo kwa kutazama mchoro peke yake. Alitumia daftari la kodi ya mwaka 1667 lililoandika upana wa nyumba na vichochoro vilivyopakana na mfereji, kwa sababu wenye nyumba walitozwa kwa upana huo. Akatafuta mahali ambapo nyumba mbili na vichochoro viwili katikati yake vina vipimo vinavyolingana na mchoro.

Kadi za posta za zamani nazo ni hazina. Mchoro wa Van Gogh wa mizizi ya miti, unaoaminika kuwa kazi yake ya mwisho, uliofanywa Julai 1890, ulipatiwa mahali pake mwaka 2020 wakati Wouter van der Veen alipoitambua ile mizizi kwenye kadi ya posta ya mwanzoni mwa karne ya 20 inayoonyesha kingo ya barabara huko Auvers-sur-Oise. Watu walikuwa wameutazama mchoro ule kwa zaidi ya karne moja. Kilichokosekana ni picha ya pili ya kulinganisha nayo.

Jua na vivuli huweza kutoa siku na saa. Donald Olson, mwanafizikia wa Texas State University, alichunguza mchoro wa Monet wa macheo bandarini Le Havre: kimo cha jua, uelekeo wake kutoka dirisha la hoteli alimokuwa Monet, kina cha maji bandarini, taarifa za hali ya hewa na upande moshi unakoelekea. Siku aliyoiona kuwa na uwezekano mkubwa zaidi ni tarehe 13 Novemba 1872, baada kidogo ya saa moja na nusu asubuhi. Angalia kwamba ushahidi huo ni wa vitu vingi vidogo vinavyokubaliana. Kila kimoja peke yake kingekuwa dhaifu.

Niandikeje kiwango cha uhakika?

Kwanza, usiache namba zikusemee uongo. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Desimali mbili baada ya nukta hutoa usahihi wa kama kilomita moja, desimali tatu kama mita 110, desimali tano kama mita moja. Programu ikikupa desimali 14, haimaanishi unajua mahali msanii alipoweka kiatu chake. Kama unajua mtaa tu, andika desimali tatu.

Pili, weka safu ya uhakika yenye maneno machache uliyoyafafanua mwenyewe. Mimi hupendelea manne: "imethibitishwa" kwa mahali palipotembelewa au palipo na hati, "inaelekea" kwa hoja nzuri isiyokamilika, "eneo tu" kwa kijiji au bonde bila nukta kamili, na "ya kubuni". Kisha safu nyingine inayoeleza kwa sentensi moja umejuaje. Sentensi hiyo ni muhimu kuliko nukta yenyewe, maana ndiyo itakayomwezesha mtu mwingine kukusahihisha.

Tatu, uhakika uonekane kwenye ramani, usibaki umefichwa ndani ya jedwali. Nukta iliyojaa rangi kwa iliyothibitishwa, duara tupu kwa inayoelekea, na eneo lenye kivuli hafifu kwa kijiji kizima. Wasomaji wengi hawatafungua maelezo. Wataangalia ramani na kuondoka. Ramani yenyewe iwape ukweli kwa mtazamo huo mmoja.

Jedwali liwe na safu zipi?

Namba ya kipekee ya kila kazi (isibadilike kamwe), jina la kazi, msanii, mwaka wa mwanzo na mwaka wa mwisho, aina ya kazi, mahali inapohifadhiwa na namba yake huko, latitudo na longitudo za kinachoonyeshwa, za aliposimama msanii, uelekeo wa kutazama kwa nyuzi, uhakika, sababu, kiungo cha picha, na leseni ya picha. Usichanganye vitu viwili kwenye safu moja.

Mwaka unahitaji safu mbili kwa sababu kazi nyingi zimeandikwa "takriban 1870" au "kati ya 1868 na 1872". Usiandike tarehe kamili za kale kama tarehe kwenye Excel, kwani programu hiyo haitambui tarehe za kabla ya mwaka 1900 na hesabu zako zitavurugika. Ziandike kama maandishi, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku.

Hifadhi faili kwa CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingi huweza kulisoma) yenye usimbaji wa herufi wa UTF-8, la sivyo majina kama Cézanne yatatokea na alama za ajabu. Na kabla ya kuchapisha, tazama kama kuna nukta zilizotua baharini katika Ghuba ya Guinea, magharibi mwa Afrika. Pale ndipo latitudo 0 na longitudo 0 zinapokutana, na kazi yoyote iliyokosa namba inaweza kutupwa huko.

Nukta zako zote zikitua bara lingine kabisa, karibu kila mara sababu ni mpangilio. Watu huandika latitudo kwanza, lakini GeoJSON, muundo wa faili unaotumiwa na programu nyingi za ramani, hutaka longitudo kwanza.

Nianze na programu ipi?

Kwa mtu anayeanza, uMap. Ni ya bure, inatumia ramani za OpenStreetMap, haihitaji ujuzi wa kuandika programu, na inapokea CSV yako ilivyo mradi iwe na safu za "lat" na "lon". Unaweza kuonyesha picha kwenye kidirisha kinachofunguka mtu anapogusa nukta.

Kama una simulizi yenye mwanzo na mwisho, mfano safari ya msanii mmoja kutoka mji hadi mji, StoryMapJS ya Knight Lab inafaa zaidi, maana humwongoza msomaji hatua kwa hatua. Ina pia namna ya kutumia picha moja kubwa sana badala ya ramani, kwa hiyo unaweza kutembeza watu ndani ya mchoro wenyewe. Lakini usiibebeshe kazi mia mbili. Haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

QGIS ni ngazi nyingine. Ni programu huria inayowekwa kwenye kompyuta na huchukua muda kuizoea, ila hakuna kinachoilinganisha unapotaka kuchambua. Ina zana inayochukua nukta, uelekeo na upana wa pembe, kisha ikachora kabari inayoonyesha kile msanii alichokitazama. Kwa kazi za mandhari, kabari hiyo ni bora kuliko nukta. Nukta husema "hapa". Kabari husema "kutoka hapa, kuelekea kule", na hilo ndilo mchoro wa mandhari ulivyo. Kama ningelazimishwa kuchagua jambo moja la kiufundi la kujifunza kutoka ukurasa huu, lingekuwa hilo.

Ukiwa na mtu anayeandika programu, Leaflet (msimbo huria wa kutengenezea ramani za kwenye kivinjari) itakupa uhuru wote unaoutaka. Chochote utakachotumia juu ya OpenStreetMap, taja wachangiaji wake kwenye ramani. Leseni yao inataka hivyo.

Mahali pamebadilika kabisa. Ramani ya leo ina maana gani kwa mchoro wa miaka 150 iliyopita?

Ndiyo maana unahitaji ramani ya wakati ule chini ya nukta zako. Bandari ya Le Havre aliyoichora Monet iliharibiwa kwa mabomu mwaka 1944 na mji ukajengwa upya. Nukta juu ya ramani ya sasa pekee humwacha msomaji akitazama majengo ya zege.

Tafuta ramani ya kale iliyopigwa picha kwa ubora mzuri; maktaba nyingi za taifa na mikusanyo kama wa David Rumsey wameziweka mtandaoni. Kisha ioanishe na ramani ya leo: unachagua kona za majengo au makutano ya barabara ambayo bado yapo, unayaonyesha kwenye ramani zote mbili, na programu huinyoosha ile ya kale ikae mahali pake. QGIS inafanya hivyo, na Allmaps hufanya ndani ya kivinjari kwa ramani zilizotolewa kwa IIIF, mfumo ambao maktaba na makumbusho hutumia kuweka picha kubwa mtandaoni. Nukta tatu ni kiwango cha chini kabisa. Weka kumi au zaidi, na uzitawanye kila pembe badala ya kuzirundika katikati ya mji. Makanisa na misikiti ya zamani, madaraja ya mawe na kuta za ngome ni alama nzuri. Kingo za mito si nzuri, kwa kuwa mito huhama.

Kazi thelathini ziko mahali pamoja. Zitaonekanaje?

Monet alichora uso wa kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara 30, wakati wa ziara zake za 1892 na 1893, akiwa kwenye madirisha ya ng'ambo ya uwanja. Kwenye ramani ya kawaida zinalaliana na inaonekana moja tu. Programu nyingi hukusanya nukta kama hizo kuwa duara lenye namba, na hiyo inatosha kwa urambazaji. Lakini kwa mfululizo wa namna hii, mahali si kinachobadilika. Kinachobadilika ni saa na mwanga. Weka nukta moja, na ikiguswa ifungue safu ya picha zilizopangwa kwa mwanga wa siku. Usizisogeze nukta kidogo kidogo ili zionekane, kwa sababu hapo utakuwa umebuni mahali.

Je, nitumie ramani ya msongamano, ile yenye rangi nyekundu panapojaa?

Kwa tahadhari kubwa. Wekundu ule unapendeza, na watu hukimbilia kusema "hapa ndipo palipowavutia wasanii". Mara nyingi unaonyesha kitu kingine. Argenteuil ina kazi nyingi sana za miaka ya 1870 kwa sababu Monet aliishi pale tangu mwishoni mwa 1871 hadi 1878, marafiki zake walimfuata, na reli kutoka Paris iliifanya safari kuwa rahisi. Uzuri wa mto ulikuwapo pia kwenye vijiji visivyo na stesheni.

Msongamano huonyesha vilevile kilichokusanywa na makumbusho, kikapigwa picha, kikawekwa mtandaoni. Kazi za mtu maarufu huhesabiwa zote. Za jirani yake asiyejulikana ziko kwenye dari za nyumba za wajukuu.

Soma na maeneo matupu. Berthe Morisot alichora bustani, vyumba, roshani, ufukwe wa likizo. Mwanamke wa tabaka lake wakati ule hakuweza kukaa peke yake mkahawani au kwenye kona ya mtaa na kuchora saa nzima kama wenzake wanaume. Ukiziweka kazi zake kwenye ramani moja na za Monet na Caillebotte, utofauti wa wapi nani aliruhusiwa kusimama unajitokeza bila kuandika neno. Ramani inayoonyesha jambo hilo ina thamani kuliko mia zenye wekundu.

Picha za kazi hizo naruhusiwa kuzitumia?

Inategemea msanii alifariki lini, na nchi. Mkataba wa Berne huweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha msanii. Nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, hutumia miaka 70. Monet alifariki 1926, kwa hiyo kazi zake ziko huru huko. Picasso alifariki 1973, na Ulaya haki zake zitaendelea hadi mwisho wa 2043.

Baadhi ya makumbusho yamefungua milango kabisa. Metropolitan Museum iliachia picha zaidi ya 375,000 bila masharti Februari 2017, na Rijksmuseum na Art Institute of Chicago nazo ni wakarimu. Kwa kazi ambayo haijawa huru, nukta na maelezo yako ni yako: weka mahali, andika kwa maneno yako, na toa kiungo cha ukurasa wa mwenye picha.

Na sanaa iliyoko hadharani, kama michoro ya ukutani na sanamu?

Hii ni rahisi upande mmoja na ngumu upande mwingine. Mahali unapajua, kwa sababu unasimama mbele yake. Piga picha ukiwa na huduma ya mahali imewashwa kwenye simu; mahali, na kwenye simu nyingi hata uelekeo, huandikwa ndani ya faili ya picha. Penye anga wazi kosa huwa ni mita chache, lakini katikati ya majengo marefu linaweza kuongezeka sana, kwa hiyo sahihisha nukta kwa mkono juu ya picha ya setilaiti. Kwa kukusanya kwa timu, programu za simu kama QField na KoboToolbox hufanya kazi hata pasipo na intaneti.

Ugumu ni kwamba kazi hizi hufa. Ukuta hupakwa rangi upya, jengo huvunjwa. Weka safu ya "ilionekana mara ya mwisho" na usifute kamwe kazi iliyotoweka. Badilisha hali yake. Baada ya miaka, zilizotoweka ndizo zitakazoulizwa zaidi. Kuhusu picha, nchi hutofautiana: kuna zinazoruhusu kuchapisha picha ya sanaa iliyoko hadharani daima, na kuna ambazo, kama Ufaransa, zinabana sana matumizi hayo. Na aliyechora ukuta mara nyingi yu hai. Mtafute, mwombe, andika jina lake kama anavyotaka liandikwe.

Kuna kazi ambazo hazifai kuwekwa kwenye ramani?

Zipo. Michoro ya mapangoni isiyo na ulinzi, mahali pa ibada na matambiko, na nyumba za watu binafsi wanaoishi. Nukta yenye usahihi wa mita moja kwenye pango lisilo na mlinzi ni mwaliko kwa anayetaka kuchora jina lake juu ya kazi ya maelfu ya miaka. Onyesha wilaya au bonde tu, hifadhi namba kamili kwenye faili isiyochapishwa, na uamuzi wa kupatangaza uwe wa jamii yenye mahali hapo. Wakisema hapana, basi ni hapana.

Akili mnemba inaweza kunitambulia mahali kutoka kwenye mchoro?

Inaweza kukupa jina la kuanzia, hasa kwa mahali maarufu. Lakini hujibu kwa sauti ile ile iwe inajua au inakisia, na mchoro wa kijiji kidogo hupewa kwa urahisi jina la mji mkubwa unaofanana nacho. Ichukulie kama mtu aliyekudokezea barabarani: nenda kahakikishe kwa mistari, hati na picha za zamani. Isiwe kamwe kilichoandikwa kwenye safu ya sababu.

Nifanye nini ili ramani isipotee baada ya miaka michache?

Chukulia kwamba programu unayotumia itafungwa. Google Fusion Tables ilitumiwa na watafiti na vyumba vya habari vingi kutengeneza ramani, ikafungwa Desemba 2019, na ramani zilizoitegemea zikaacha kufunguka. Walionusurika ni wale waliokuwa na majedwali yao pembeni. Kwa hiyo CSV ndiyo kazi yako halisi. Iweke mahali zaidi ya pamoja, pamoja na faili fupi ya maandishi inayoeleza kila safu ina maana gani na maneno ya uhakika yamefafanuliwaje. Pale inapowezekana, peleka taarifa zilizothibitishwa Wikidata na Wikimedia Commons, ambako wengine watazitunza nawe.

Msomaji ameandika kwamba nukta yangu iko mahali pasipo. Nifanyeje?

Mshukuru na umuulize amejuaje. Anayekuandikia mara nyingi ni mtu aliyekulia pale, anayekumbuka kwamba njia ya zamani ilipita nyuma ya ukuta na si mbele yake, na kumbukumbu hiyo haimo kwenye hati yoyote. Hoja yake ikiwa nzuri, badilisha nukta, badilisha neno la uhakika, na kwenye safu ya sababu andika nani amesahihisha (kama amekubali kutajwa) na tarehe. Usifute maelezo ya awali. Yasogeze kwenye safu ya historia ya marekebisho. Mkiwa hamkubaliani, na kila mmoja ana ushahidi, weka nukta zote mbili kwa alama ya "inaelekea", kila moja na hoja yake, mpaka atokee mtu mwenye kadi ya posta.